Shangazi Ndani ya Tanuri

Komeo la juu lilishuka. Kisha la chini.

Roswitha Egle aliutazama mlango. Mabati mazito, pande mbili, katikati yake pamejazwa sufi ya kuzuia joto. Kwa ndani hapakuwa na kitasa wala tundu la funguo. Chumba kilijengwa kwa ajili ya kukaushia rangi za mitambo, na mitambo haina haja ya kujifungulia mlango.

"Bi Egle!" Sauti ya Dokta Ohlsen, mkurugenzi wa kiwanda, ilipenya kwenye ufa wa mlango, laini kama ya mhudumu wa hoteli. "Si ulikuja kuandika historia ya kiwanda? Miaka sitini! Basi, muda unao, na msimulizi unaye."

"Na bastola yangu, ile Walther?"

"Nitaitunza."

"Angalia isikulipukie. Haipendi wageni."

Ohlsen alicheka. Akasema jambo kwa watu wake wawili, wakacheka nao, kwa kuwa ndiyo kazi iliyowaweka mjini. Halafu swichi ikalia nje.

Tap!

Feni zikaanza kuvuma darini. Hewa ya moto ikashuka.

Roswitha akageuka. Nyuma yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi Mzee Gebhard Nussbaumer, mtunza makumbusho ya kiwanda cha Dörflinger, amevaa vazi la sherehe la viraka vya rangi zote na kengele ndogo mabegani. Damu ilikuwa imemkaukia juu ya jicho, pale alipopigwa na kitako cha bastola. Na katikati ya chumba lilisimama trekta la kijani la zamani, limepambwa maua ya karatasi.

"Binti," Gebhard alisema, "linafika joto la kiasi gani humu?"

"Wewe ndiye wa kiwanda, Mzee."

"Ah, mimi najua sana. Nilikuwa naomba wewe usijue."

Kipimajoto ukutani kilisoma ishirini na tano. Alama nyekundu ilikuwa kwenye themanini.

Roswitha alikuwa ametumwa Seebrunn na ofisi moja isiyo na kibao langoni. Simu ilikuwa fupi, kama kawaida. "Maziwa yamechacha kule ziwani. Nenda ukayaonje." Maana yake, dira za kuongozea makombora zilikuwa zinaibwa, na kila njia ya wizi huo iliishia katika mji huu mdogo kando ya ziwa Bodensee, kwenye kiwanda kilichotengeneza matrekta kwanza, na siku hizi vijiko, yaani mitambo ya kuzoa mchanga na kokoto. Alijifanya mwandishi wa kitabu cha jubilei. Watu wa Seebrunn walimfungulia kila mlango, kila kabati na kila chupa.

Asubuhi hii yeye na Gebhard walifungua bonge la chuma linalokaa nyuma ya kijiko ili kisipinduke kikibeba mzigo. Lilipaswa kuwa chuma tupu. Ndani walikuta tundu lililochongwa, na ndani ya tundu, dira zimelala kwenye pamba kama mayai. Roswitha alipiga picha mbili kwa kamera yake ndogo ya Minox. Ya tatu hakuipata, maana kitu baridi kiligusa shingo yake.

Sasa vijiko vitatu vilikuwa juu ya lori la Magirus, tayari kwa kivuko. Upande wa pili wa maji ni Konstanz, na Konstanz imekaa mlangoni pa Uswisi. Lori likivuka, dira zingeuzwa kwa watu wa Mashariki, nao wasingezitumia kutafutia njia ya kwenda kanisani.

Lakini hilo silo lililomsumbua Roswitha. Kilichomsumbua ni ahadi.

Jana alikula supu jikoni kwa Lioba, mke wa Gebhard. Mama yule alimshika mkono akamwambia, "Sijui wewe ni nani, lakini si mwandishi. Waandishi hula zaidi. Mume wangu ana moyo mbovu. Usinipotezee." Roswitha akajibu kwa ujasiri wa mtu aliyeshiba: "Kesho atakula chakula cha mchana na wewe, Mama Lioba."

Thelathini na tano.

Alipiga bega mlangoni. Akapiga teke. Akapanda juu ya trekta kuchungulia matundu ya feni, akakuta nyavu za chuma zilizochomelewa. Redio yake ilichukuliwa. Kamera ilichukuliwa. Hata kisu chake cha mfukoni Ohlsen alikisifu kabla ya kukitia mfukoni mwake.

"Piga kelele basi," Gebhard alisema.

"Nani atasikia?"

Ilikuwa Alhamisi Chafu, siku ambayo karnivali, sherehe ya vinyago, huanza rasmi kando ya ziwa na wanawake hushika mji. Kiwanda kilishafungwa. Mlinzi wa lango alishashuka mjini na suruali ya mkewe kichwani. Ohlsen aliichagua siku hii kwa makusudi, na Roswitha ilimbidi akubali kwamba mwanaharamu yule alikuwa na akili.

"Lioba mwenyewe yuko chini huko na mkasi," Gebhard alisema. "Kiongozi wa wanawake mwaka huu. Atasema nimelewa mahali. Ataanza kuwa na wasiwasi jioni, na jioni mimi na wewe tutakuwa mikate."

"Usiseme hivyo."

"Ya kahawia vizuri."

"Mzee Gebhard!"

Arobaini. Roswitha alivua koti, akalitupa. Alichovya skafu yake kwenye tangi la maji lililo wazi juu ya injini ya trekta, akamfunga mzee kichwani. Aina hii ya injini hupoozwa kwa maji yanayochemka wazi, kama sufuria ya viazi, na leo sufuria ilikuwa imejaa.

Mkono wake ukasimama hewani.

"Lina maji," alisema.

"Shangazi, hili trekta letu? Lazima awe na maji. Saa nane anavuta gari la sherehe."

"Na dizeli?"

"Tele."

"Kitu cha makumbusho, limejaa maji na dizeli, halafu unakaa hapo unaniambia habari za mikate?"

"Hendeli, binti!" Gebhard alifoka, kengele zikalia. "Huyu huwashwa kwa kuzungushwa hendeli ya chuma. Na hendeli iko jikoni kwangu, imening'inia msumarini. Usiku wa kuamkia leo kila mtu huficha hendeli yake, la sivyo vijana wanakuibia trekta na asubuhi unalikuta juu ya ngazi za kanisa. Februari bila hendeli, Shangazi haamki hata umwimbie. Kwa nini unadhani nimemlaza humu? Angalau asigande."

Roswitha aliegemea gurudumu. Chuma bado kilikuwa baridi. Chumba kizima kilikuwa kinawaka, na trekta lile lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nusura alionee wivu.

Gebhard alianza kusinzia. Kichwa kilianguka kifuani, kikainuka, kikaanguka tena.

"Nisimulie," Roswitha alisema kwa haraka. "Kitabu. Tuandike."

"Sasa hivi?"

"Una miadi mahali?"

Mzee alitabasamu nusu. Akaanza, polepole, kwa sauti kavu. Ndugu watatu Dörflinger, wahunzi, wenye deni la kila mtu mjini na akili ya kupita kiasi. Wakulima wa huku walikuwa na vishamba vya mteremko na ng'ombe mmoja mmoja. Mitambo mikubwa haikuwafaa. Ndugu wakatengeneza kimashine cha kukata nyasi chenye injini. Fedha ya injini ya kwanza ilitoka kwa shangazi yao Kreszenz, aliyeuza ng'ombe wake wawili na kusema wakishindwa atawafunga nira wao.

"Ndiye huyu?"

"Trekta lao la kwanza lilipewa jina lake. Bibi alikasirika. Alisema yeye havuti moshi."

Hamsini. Jasho lilikuwa halidondoki tena. Lilikauka kabla ya kufika kidevuni. Roswitha alimvua mzee vazi la viraka, akabaki na nguo ndefu za ndani za sufu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Endelea. Vita."

"Vita vikaisha, Wafaransa wakaja. Wakapakia kila kitu kwenye treni. Mashine za kukerezea, jeki, hata saa ya ukutani. Shangazi wakamwacha kwa ajili ya treni ya mwisho, na ili asitoroshwe, wakachukua hendeli." Gebhard alifumba macho. Uso wake ulilegea kwa raha ya mtu anayemwona mtu wake. "Mama yangu alikuwa mfagizi hapa. Akaja mchana, askari wamelala kivulini. Akalishika lile gurudumu zito la ubavuni, hilo hapo, akaligeuza kwa mikono yake miwili. Shangazi akapiga chafya, akawaka. Mama akamwendesha mpaka zizini kwetu akamfukia na nyasi kavu. Ndiyo maana leo yupo. Kiwanda kizima kilianza upya kwa kumpima yeye na kuiga vipande vyake."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Bila hendeli?"

"Si ilikuwa Agosti, binti! Jua la mavuno limempiga wiki nzima. Agosti hata mtoto..."

Roswitha alikuwa amegeuza shingo kuelekea kipimajoto. Gebhard naye akafungua macho, akakitazama.

"Mzee," Roswitha alisema taratibu, "humu ndani ni mwezi gani?"

"Humu?" Gebhard alilamba midomo. "Humu Agosti tumeshaipita."

Roswitha aliruka. Gurudumu lilikuwa zito kama kinu, kubwa kuliko kifua chake, ubavuni mwa injini. Gebhard alimwelekeza akiwa juu ya ndoo: bonyeza kile kijiti cha kupunguza mgandamizo, zungusha, upate kasi, achia. Alizungusha. Akaachia.

Puf.

Hakuna.

"Joto halijaingia ndani," Gebhard alisema. "Bloku ya injini ni nene. Ngoja."

"Ningoje?"

"Ngoja."

Hapo ndipo Roswitha alipoonja ubaya wa mtego wake. Ili watoke, ilibidi hali izidi kuwa mbaya. Alikuwa anaiombea sindano ya kipimajoto ipande, na mtu aliyekuwa anamwombea maisha alikuwa anakufa kwa kila alama iliyopanda. Sitini. Hewa ilimchoma puani. Alimlaza Gebhard sakafuni karibu na mlango, akammiminia maji yaliyobaki kwenye skafu. Mzee alisema jina la Lioba, kisha akasema kitu kuhusu supu, kisha hakusema kitu.

"Mzee Gebhard!"

Mshipa wa shingo ulipiga, kwa mbali.

Roswitha aliogopa. Alishawahi kupigwa risasi Beirut na kutupwa mtoni Prague, na hakuwahi kuogopa hivi. Alikuwa anaona jiko la Lioba, sahani mbili mezani.

Alifunga viganja kwa viraka vya lile vazi. Akalishika gurudumu. Sasa lilikuwa la moto.

Zungusha. Achia.

Puf.

Zungusha. Achia.

Puf. Puf.

"Shangazi," alisema kwa meno yaliyobana, "niliambiwa una hasira. Iko wapi?"

Zungusha. Akatia mgongo, akatia magoti, akatia na matusi mawili aliyojifunza kwa marehemu baba yake. Achia.

Puf. Puf. TUP!

Moshi mweusi ulitoka kwa kishindo. Tup. Tup. Tup-tup-tup. Trekta zima likaanza kutikisika, maua ya karatasi yakacheza.

Sasa hapakuwa na kurudi nyuma. Moshi ule ungewamaliza mapema kuliko joto. Roswitha alimburuta Gebhard akamweka pembeni ya ukuta, akaruka kitini, akatia gia ya nyuma mpaka trekta likagota ukutani. Kisha akatia ile ya chini kabisa, ya kulimia mteremko.

Akaachia klachi.

Pua ya Shangazi iligonga mlango. Mabati yalinung'unika. Magurudumu ya nyuma yakateleza, yakashika, yakateleza. Roswitha alirudi nyuma, akaja tena. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, hakuona kitu, aliendesha kwa sauti tu. Akarudi nyuma. Akaja tena.

Bawaba ya juu ilitoka kama jino bovu.

Mlango ukalala.

Baridi ya Februari iliwaingia kifuani kama maji. Roswitha alimburuta mzee hadi uani, akachota theluji kwa mikono yote miwili akampaka usoni, shingoni, kifuani. Mara ya tatu Gebhard alifungua jicho moja.

"Wewe mwanamke," alisema, "utaniua kwa baridi."

Roswitha alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali kipi kilitangulia.

Uani hapakuwa na lori. Matairi ya Opel yake yalikuwa yametobolewa yote manne. Simu ya langoni ilikatwa waya. Palibaki Shangazi, akitoa moshi, mwendo wake wa mtu anayekimbilia basi.

"Hatutawapata," Roswitha alisema. "Wametutangulia sana."

Gebhard, amefunikwa koti la Roswitha juu ya nguo zake za ndani, alikuwa anajipandisha taratibu kwenye kiti cha juu ya gurudumu. "Barabara ya kivukoni inapita uwanja wa chemchemi."

"Maandamano si yanaanza saa nane? Ohlsen alisoma tangazo. Alisema atapita kabla."

"Tangazo linasema hivyo." Mzee alianza kutabasamu. "Lakini wanawake huufunga uwanja tangu wanapoteka ofisi ya meya, asubuhi. Mwanamume hapiti mpaka akatwe tai. Hilo haliandikwi popote. Nani alitundikie tangazo, na kila mtu analijua toka tumboni mwa mama yake?"

"Ohlsen ni mtu wa Hamburg."

"Na leo kavaa ile tai yake ya hariri."

Roswitha alitia gia.

Uwanja ulikuwa umefurika. Wanawake wenye vinyago vya mbao, mabomba ya muziki, watoto wakirusha vipande vya karatasi. Katikati, pua ya Magirus ilikuwa imezama kwenye umati, na mbele yake alisimama Lioba Nussbaumer, mkasi mkononi, tai zilizokatwa zikiwa mkufu shingoni.

Dokta Ohlsen alikuwa ameshuka. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili, alikasirika.

"Nimesema ondokeni! Hii tai imetoka Milano!"

Umati uliangua kicheko. Mwanamume wa Seebrunn siku hiyo huvaa tai mbovu kuliko zote alizo nazo, huinyoosha mbele, hupokea busu na kwenda zake. Huyu aliifunika kwa mkono kama mtoto aliyeficha andazi, na kadiri alivyoifunika ndivyo duara lilivyombana.

"Milano!" Lioba alisema. "Mnasikia, akina dada? Basi tutaikata kwa adabu."

"Mama, mimi ni mkurugenzi!"

"Na mimi leo ni meya. Lete shingo."

Alitaka kurudi garini. Mlango wa gari ulikuwa umeegemewa na wanawake sita wenye vinyago vya wachawi. Watu wake wawili ndani walishafungwa mikono kwa utepe wa rangi na kulishwa maandazi kwa nguvu; mmoja alikuwa anafurahia.

Tup. Tup. Tup.

Umati uligeuka, ukashangilia. Shangazi alishuka mtaani amekunjika pua, bila ua hata moja, na juu yake Gebhard katika nguo zake za ndani, na mwanamke mweusi kwa masizi usukani. Watu walipiga makofi. Walidhani ni kichekesho, na walikubaliana kwamba ndicho bora cha mwaka.

Ohlsen hakupiga makofi. Uso wake ulikauka.

Roswitha alishuka, akamwendea. Umati ulimpisha.

"Dokta," alisema. "Nimefika sura ya mwisho."

Mkono wa Ohlsen uliingia ndani ya koti. Walther. Roswitha aliona kiwiko kikipinda, akajua kwamba nyuma yake kuna watoto.

Alikamata tai ya Milano, akaivuta chini kwa nguvu zake zote.

Paji la uso la Ohlsen liligonga boneti ya Magirus. Bastola ilianguka kwenye theluji. Roswitha aliikanyaga, bila kuiachia tai.

"Mama Lioba," alisema akihema, "mkasi."

Kac!

Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Kutoka kwenye umati akaja kuku mkubwa wa manyoya ya njano, akavua kichwa chake. Ndani alikuwa Sajini Knoll wa polisi wa Seebrunn, amelewa kidogo, na pingu za kweli.

"Huyu ametenda nini?" aliuliza.

"Fungua mabonge ya nyuma ya vile vijiko utaona. Ushike polepole, ni kama mayai."

"Unanitania kwa sababu ya hili vazi."

"Hapana, Sajini."

Ohlsen, pingu mikononi, kipande kifupi cha hariri kikimning'inia chini ya kidevu, alimtazama Roswitha. "Lile trekta ni bovu," alisema. "Ni kitu cha makumbusho. Niliuliza hendeli yake, nikaambiwa haipo."

"Uliuliza vizuri. Kisha ukatuwashia moto."

Hakuelewa. Alipandishwa kwenye gari la polisi akiwa bado anafikiri.

Lioba alimtazama mumewe kuanzia soksi hadi jeraha la jichoni, akamgusa kifua, akauacha mkono pale kwa muda, akisikiliza. Kisha akamgeukia Roswitha, macho yamelowa.

"Uliniambia chakula cha mchana."

"Ndiyo, Mama."

"Supu itakuwa imepoa."

"Nashukuru Mungu," Gebhard alisema. "Nipe hivyo hivyo."

Lioba alimkumbatia Roswitha, masizi na yote, kwa nguvu iliyouma mbavu. Halafu akafungamanisha tai ya Milano na zile nyingine shingoni mwake.

Kwenye kibanda cha simu kando ya chemchemi Roswitha alizungusha namba.

"Maziwa?" sauti iliuliza.

"Yako kwenye ndoo. Yote."

"Umeumia?"

"Viganja."

"Rudi leo. Kuna kazi Lisbon."

"Kesho. Nina kitabu cha kumaliza."

Akakata kabla hajajibiwa. Nje theluji ilianza kuanguka tena. Kengele zililia, ngoma zikaanza, na Shangazi aliondoka mbele ya maandamano akivuta gari la sherehe kama kawaida yake. Roswitha aliifunga Walther kiunoni, akafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi, akashuka kuelekea ziwani mkono mfukoni, akiufurahia ubaridi.